Jibu: Kusikiliza Kiingereza kwa simu moja

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utafundishaje kusikiliza Kiingereza Kidato cha Kwanza ukiwa na simu moja na bando la kubana. Inawezekana kabisa. Pakua mapema vipindi vya dakika 6 vya BBC Learning English pamoja na maandishi yake, kisha vicheze darasani kwa spika ndogo. Mimi huchukua dakika 2 tu za kipindi. Mara ya kwanza wasikilize, madaftari yamefungwa. Ya pili wajibu maswali mawili ya ubaoni. Ya tatu ndipo wafuatilie kwenye maandishi. Nakusihi usiwape maandishi mapema: watasoma, masikio yatalala. Wanaoanza kabisa watalemewa, kwa hiyo watafutie hadithi za African Storybook, tovuti ya hadithi za watoto. Zipo za Kiingereza na Kiswahili, na kuzipakua ni bure.