Maswali kwa Mafundi: Konekta ya Betri Inayeyuka

SWALI: Shikamooni mafundi. Naunda taa za LED za kuvulia dagaa hapa Kibirizi, Kigoma: taa nne za wati 20 kwenye betri moja ya volti 12. Nikilehemu waya kwenye konekta ya njano ya XT60, plastiki inalainika na pini zinakaa upande. Zile zinazokubali, waya hukatika baada ya siku chache ziwani. Chuma changu cha kulehemu ni cha wati 30. Je, nitafute kidogo zaidi?
– Kijana wa Kibirizi

JIBU: Marahaba. Hapana, tafuta kikubwa zaidi. Pini ya XT60 ni pande la shaba linalonyonya joto. Chuma cha wati 30 chenye ncha ya sindano hakifui dafu: unashikilia nusu dakika risasi ya kulehemia isiyeyuke, huku joto likipenya kwenye plastiki. Chukua cha wati 60 hadi 80, chenye ncha bapa ya milimita 3 au 4. Kama kina kipimo, weka nyuzi joto 380 za Selsiasi hivi. Kazi iishe kwa sekunde tano.

Kabla ya kuwasha, chomeka konekta mwenzake asiye na waya wowote. Atazishika pini zisipinde na kunyonya joto la ziada. Bana vyote kwenye jiliwa, ndani ya nyumba. Upepo wa ufukweni hupoza ncha. Vika waya mpira wa kubana kwa joto sasa hivi na uusogeze mbali (hili husahauliwa kila siku, kisha kazi inafumuliwa).

Menya waya milimita 6, sokota nyuzi, paka flaksi ya rosini (dawa ya utomvu inayosaidia risasi kushika), yeyushia risasi ya 60/40 (bati asilimia 60, risasi 40) mpaka inywee. Jaza kikombe cha pini nusu. Kisha pasha kikombe chenyewe. Risasi ikiyeyuka, zamisha waya, ondoa chuma, na usitikise mpaka igande. Kiungo kizuri kinang'aa na risasi imeupanda waya. Kikiwa cha kijivu chenye chembechembe, au risasi imekaa juu kama tone, rudia kwa flaksi mpya. Flaksi ya mafundi bomba na maji ya betri usiviguse: asidi yake hubaki na kuila shaba.

Kuhusu kukatika, angalia mahali penyewe. Bila shaka ni pale risasi inapoishia, maana nyuzi zilizonyweshwa risasi hukakamaa na mtumbwi unazitikisa usiku kucha. Usiruhusu risasi ipande zaidi ya hapo ulipomenya, na mpira ufunike kiungo pamoja na sentimita moja ya ganda la waya.

Taa zako nne zinavuta takriban ampea 6.7, kwa hiyo waya wa milimita za mraba 2.5 unatosha. Weka fyuzi ya ampea 10 karibu na betri. Upande wa betri tumia konekta ambayo shaba yake imejificha ndani ya plastiki, isije ikagusana na chuma chochote. Chanya ni upande bapa, hasi ni ule uliokatwa pembe. Alama pia zimechorwa. Waya za betri kata na ulehemu mmoja mmoja, mwingine ukiwa umefungwa tepu. Ukizikata zote mbili kwa koleo kwa pamoja, umepiga shoti.

SWALI: Nasoma Tabora mjini, naunda kigari cha roboti. Naweza kulehemu waya moja kwa moja kwenye betri za 18650 (zile za lithiamu za mviringo)?
– Mwanafunzi, Tabora

JIBU: Usifanye hivyo. Joto huharibu lakiri na utando wa ndani, na betri ya lithiamu iliyoharibika inaweza kuvimba au kuwaka moto hata siku nyingine. Nunua zilizokwisha kuunganishwa na vipande vya nikeli, ulehemu kwenye nikeli, mbali na betri. Kwa mota ndogo, hata kikasha cha betri chenye springi kinatosha. Risasi ina sumu, hivyo fungua dirisha na unawe mikono kabla ya kula.