Ukienda Saint Helena peke yako, usijaze ratiba

Nilikwenda kisiwa cha Saint Helena kwa sababu ya Sayyid Khalid bin Barghash. Tangu shuleni nilijua kwamba alikalia kiti cha usultani wa Zanzibar kwa siku mbili tu, Agosti 1896, mpaka mizinga ya Waingereza ilipolibomoa jumba lake kwa muda usiofika hata saa nzima. Nilichochelewa kukijua ni yaliyofuata: mwaka 1916 walimkamata Afrika Mashariki, wakampeleka uhamishoni Saint Helena na Shelisheli, ndipo baadaye akaruhusiwa kurudi, akafia Mombasa mwaka 1927. Nikafungua ramani. Kisiwa chenyewe ni kitone katika Atlantiki ya Kusini, kilomita zipatazo 1,900 kutoka pwani ya Afrika. Nikaona sina budi kukikanyaga, hata kwa juma moja, hata peke yangu.

Urefu wa safari hukupangia ndege. Kwa kawaida huondoka Johannesburg mara moja kwa juma, na njiani hutua kujaza mafuta. Uwanja umejengwa juu ya magenge, na upepo wa kusini-mashariki ukishagonga yale majabali hujisokota palepale ndege inapotaka kushuka. Ndiyo sababu uwanja ulikamilika mwaka 2016 lakini safari za kawaida za abiria zikaanza Oktoba 2017. Kabla ya hapo watu walikwenda kwa meli, siku tano kutoka Cape Town.

Yote hayo nilikuwa nimeyasoma, na bado nikakosea. Wakati wa kurudi nilikata tiketi ya kuunganisha jioni ileile ya kufika Johannesburg. Hali ya hewa ikachafuka, ndege ikachelewa siku nzima, na tiketi yangu ikafa. Mlio wawili mtagawana gharama na kufarijiana; ukiwa peke yako, hasara ni yako na usiku wa kukodolea macho dari ni wako. Kwa hiyo acha siku mbili tupu baada ya kurudi, usiziwekee kikao wala ndege nyingine. Tena acha na akiba ya fedha ya siku hizo.

Bima ya matibabu ni lazima, nayo iwe inalipia kusafirishwa mgonjwa kwa ndege. Hospitali ni moja, iko Jamestown, na wagonjwa wazito hupelekwa nje ya kisiwa. Fedha ni pauni ya Saint Helena, thamani yake sawa na pauni ya Uingereza, na noti za Uingereza zinapokelewa. Usitegemee kadi peke yake. Pauni za kisiwa zibadilishe kabla ya kuondoka, maana ukifika kwingine utahangaika nazo.

Sasa la upweke. Kisiwa kina watu elfu nne na ushei, eneo lake ni kilomita za mraba kama 121, na kila dereva anayekupita anakupungia mkono. Siku ya kwanza niligeuka nyuma nikidhani anapungiwa mwingine. Siku ya pili nikaanza kupunga, na safari yangu ikabadilika hapo. Watu waliniuliza nimetoka wapi, nakaa kwa nani, kesho nakwenda wapi. Mwenye kuzoea kusafiri peke yake hujifunza kukwepa maswali kama hayo, na mijini ana haki. Hapa yajibu. Njia za miguu zinapita kwenye kingo za magenge, ukungu hushuka ghafla huku juu kwenye Diana's Peak, na mtandao wa simu haufiki kila bonde. Kila asubuhi nilimwachia mama mwenye nyumba karatasi: njia niliyochagua na saa ya kurudi. Jioni moja nilichelewa, nikamkuta amesimama barabarani ananingojea. Nilimwomba radhi, naye akaniandalia chai bila neno.

Usijaribu kumaliza vivutio vyote. Ngazi ya Jacob's Ladder ina vidato 699, ipande alfajiri kabla jua halijawaka. Kobe Jonathan, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 1832, yuko Plantation House, makazi ya gavana. Longwood, nyumba alikofia Napoleon, aliyekuwa mfalme wa Wafaransa, mwaka 1821, inatosha nusu siku. Ukienda kati ya Januari na Machi unaweza kubahatika kuwaona papa potwe.

Lakini kama una mchana mmoja tu wa kuamua mwenyewe, nenda Rupert's Valley. Katika karne ya 19 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likizikamata meli za watumwa na kuwashusha Waafrika hapo, zaidi ya watu 25,000 kwa jumla. Wengi walifika wakiwa mahututi. Maelfu wamezikwa katika bonde hilo, bila jiwe wala jina. Mwaka 2008, wakati wa kazi za matayarisho ya uwanja wa ndege, mifupa ya watu 325 ilifukuliwa. Ilizikwa tena hukohuko mwaka 2022.

Nilikuwa nimewafuata wafalme: sultani wetu, na yule wa Wafaransa. Nilipofika bondeni nikakaa chini, nikashindwa kuondoka kwa saa mbili. Hapo ndipo niliposhukuru kuwa peke yangu, kwani hakukuwa na mtu wa kuniuliza tunaondoka saa ngapi wala wa kunitaka nipige picha. Nilisoma dua niliyoijua, ile ya wafu wote.

Bonde ni kavu na kivuli ni haba. Chukua maji na kofia, na mwambie mtu kwamba uko huko.