Mmeuliza: Kope za Kubandika na Kope Zako Mwenyewe

Nilibandika kope za mafungu kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Wiki ya pili zikaanza kuning'inia, nikazing'oa kwa vidole. Sasa jicho la kushoto lina pengo pembeni. Zitaota tena? – Msomaji, Tanga

Pole sana, dada. Kama ni mara ya kwanza, zitaota. Kope iliyong'olewa huchukua kama wiki sita hadi nane kurudi, mradi usiibandikie kitu kingine hapo juu.

Ujue kilichotokea, kisijirudie. Upande wa juu wa jicho una kope kati ya 90 na 160, na kila moja ina zamu yake: inakua wiki kadhaa, inapumzika, inaanguka, nyingine inashika nafasi. Zinakua polepole mno, kama milimita 0.15 kwa siku. Ndiyo maana ukinawa uso unaweza kukuta kope moja au mbili kwenye taulo, na hapo hakuna ubaya wowote. Sasa fungu likigandishwa juu ya kope nne au tano, linazifunga pamoja ilhali hazina umri mmoja. Iliyokomaa inataka kuanguka lakini imeshikwa na changa. Changa nayo inarefuka na kulisukuma fungu upande mmoja, na ndipo linapoanza kuning'inia. Ukilivuta hapo, changa zote zinatoka kabla ya siku zao.

Kama bado unalo fungu ulilong'oa, liweke juu ya karatasi nyeupe ulitazame kwenye mwanga. Utaona kope zako nyembamba zimegandiana shinani kwenye kifundo cheusi cha gundi. Zihesabu. Kope bandia iliyoanguka na kope yako moja tu imemaliza zamu. Iliyoanguka na nne imeziiba.

Kwa sasa pumzisha macho: usitumie gundi, wala maskara isiyotoka kwa maji, maana kuisugua usiku kunazikata zilizobaki. Mafuta ya mnyonyo hayaotishi kope, ingawa yanasifiwa kila kona. Yanazilainisha zisikatike, basi. Ukipenda, paka kidogo sana usiku kwa pamba safi, yasiingie ndani ya jicho. Dawa iliyothibitika kurefusha kope ni bimatoprosti ya asilimia 0.03. Ilianza kama dawa ya presha ya macho, na Marekani iliiruhusu kwa kope mwaka 2008. Hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Inahitaji kama wiki 16 kuonyesha matokeo yake kamili, inaweza kuifanya ngozi na hata sehemu ya jicho yenye rangi kuwa nyeusi zaidi, na ukiiacha kope zinarudi zilivyokuwa.

Miezi minne ikipita na pengo lipo, au ngozi pale ina magamba na wekundu, nenda kwa daktari. Matatizo ya tezi ya shingo nayo huangusha kope. Na wanaong'oa mahali pale pale mwaka hadi mwaka wajue kwamba shina likishapata kovu, halioti kitu.

Nizitoeje basi bila kung'oa? – Msomaji, Kisumu

Inategemea gundi. Za mstari na za mafungu zilizoshikwa kwa gundi laini, ile inayovutika kama mpira, zinatoka nyumbani: lowesha pamba kwa mafuta ya nazi, funga jicho, ikandamize juu ya shina dakika tano hadi kumi, kisha telezesha fungu kuelekea nje. Likigoma, rudia pamba, usivute.

Zilizobandikwa mojamoja saluni hushikwa kwa sianoakrileti, jamii moja na supagluu, na hiyo haiogopi mafuta ya nazi. Rudi kwa fundi akupake jeli ya kutolea, isiyo majimaji ili isitiririkie jichoni. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha isisogee kabisa kwenye jicho. Vilevile gundi ya kucha na ile ya kubandikia nywele za bandia hazikutengenezwa kwa ajili ya jicho, hata fundi akikuapia.

Mwaka 2018 Spika Job Ndugai alizuia wabunge wenye kope bandia kuingia bungeni, na afya ilitajwa. Mimi nilipobandika macho yaliwaka, kesho yake yakavimba. Je, nisirudie? – Msomaji, Dodoma

Hayo ni mambo mawili. Kuwaka palepale unapobandikwa na jicho kuwa jekundu ni mvuke wa gundi, mara nyingi kwa sababu jicho halikufungwa vizuri au chumba hakipitishi hewa. Hupungua kwa siku moja au mbili. Kuvimba kwa ngozi ya macho yote mawili, na muwasho unaozidi hadi siku ya pili, ni mzio. Mzio hauzoeleki: kila ukirudia unakuja mkali zaidi. Zitolewe, umwone daktari, na gundi ya aina hiyo uiache moja kwa moja. Maumivu ndani ya jicho au kuona ukungu ni hospitali siku hiyohiyo.

Fundi makini hubandika kope mbili tatu za majaribio saa 48 kabla. Mdai hilo, ni haki yenu.

Mimi ni fundi. Kope za wateja zinaanguka siku ya tatu, na gundi ni ya bei. – Fundi, Mombasa

Tuanze na hewa yenu. Sianoakrileti hukauka kwa unyevu, na gundi nyingi hutaka unyevu wa asilimia 45 hadi 60. Pwani mara nyingi unapita hapo, kwa hiyo gundi inaanza kuganda kabla hujaigusisha kwenye kope: kwa macho imeshika, kumbe imekaa juujuu tu. Nunua kipima unyevu kidogo, washa kiyoyozi, chagua gundi inayokauka taratibu, na weka tone jipya kila dakika 15 hadi 20. Chupa ikishafunguliwa usiipitishe wiki sita.

Kisha tazama usafi. Mabaki ya wanja na mafuta shinani hayaruhusu gundi kushika. Osha kope, zikaushe kabisa, tenga moja kwa kibano na uibandikie moja ya unene wa milimita 0.15, urefu wake usizidi ule wa kope ya asili kwa zaidi ya milimita mbili au tatu. Acha nafasi ya nusu milimita hadi moja kutoka kwenye ngozi. Gundi ikigusa ngozi, mteja atajikuna, na akijikuna zinaanguka.

Niliambiwa nisizioshe zisitoke. Kweli? – Msomaji, Morogoro

Si kweli. Zipishe na maji siku ya kwanza, halafu osha kila siku. Jasho, vumbi na mafuta ya ngozi yakirundikana shinani yanaleta ukurutu na muwasho. Tia matone mawili ya shampuu ya watoto isiyo na mafuta kwenye vijiko viwili vya maji safi, pitisha kwa brashi laini kutoka shinani kwenda nchani, suuza, kausha kwa kugusagusa na taulo, kisha zichane.