Picha za marehemu mahakamani: kutisha kwake si kigezo

Mkuu umeuliza kama wakili wa mdogo wako anaweza kuzuia picha za marehemu zisipokelewe kwa vile zinatisha. Niliwahi kuwa mzee wa baraza, yaani raia anayekaa na jaji kumpa maoni, kwenye vikao vya Mahakama Kuu hapa Lindi, jaji akitokea Mtwara. Enzi hizo kesi ya mauaji haikwenda bila wazee. Tangu mabadiliko ya 2022 jaji anaweza kusikiliza peke yake.

Kutisha tu hakuiondoi picha. Hoja hiyo ina nguvu zaidi Marekani, ambako raia wa kawaida ndio wanaoamua hatia, kwa hiyo jaji hupima kama picha inathibitisha kitu au inawapandisha hasira tu. Kwetu mwamuzi ni jaji. Wazee tulitoa maoni, hayakumfunga.

Nilichoona kikiangusha picha ni njia ambayo picha ilipitia hadi kufika mahakamani. Kesi moja mtu alikatwa panga kwenye mikorosho. Picha ilipigwa kwa simu ya mwanakijiji, ikazunguka WhatsApp kijiji kizima ndipo ikamfikia mpelelezi. Wakili wa utetezi hata damu hakuitaja. Nani alipiga? Simu iko wapi? Nani aliichapa kwenye karatasi? Mpelelezi akawa anapekua jalada tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama iangalie taarifa ilitengenezwaje, ilitunzwaje na ilianzia kwa nani. Pingamizi likapita. Mashtaka hayakufa lakini: ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuwepo, na daktari alikuja.

Kesi nyingine askari aliyepiga mwenyewe alitoa ushahidi, zikapokelewa. Ya kichwa sikuweza kuitazama mara mbili. Iliyotusaidia ni ya mlango, ambayo hakuna aliyeiogopa: mshtakiwa alidai alikaribishwa ndani, na pale komeo limeng'oka na misumari yake.

Sasa mdogo wako. Wakili aangalie kama picha zilitajwa kwenye vielelezo mdogo wako aliposomewa ushahidi kabla ya kesi kupelekwa Mahakama Kuu. Kama hazikutajwa, upande wa mashtaka lazima utoe taarifa ya maandishi kwanza. Na kwenye usikilizwaji wa awali, pale pande mbili zinapotenga yanayokubaliwa na yanayobishaniwa, kama mdogo wako habishi kwamba marehemu alikufa kwa majeraha bali anasema hakuwepo, akubali hilo la kifo mapema. Hapo wakili atakuwa na haki ya kuuliza picha ya maiti inathibitisha nini kinachobishaniwa.