Afande, gari hii ina kamera

Elfu kumi niliyotoa siku ile niliikunja mara nne nikaipenyeza ndani ya leseni. Hakuna aliyenifundisha kuikunja hivyo. Askari alisema tu, "Dada, umepita zebra na watu wanavuka, sasa tunafanyaje?" Nami nikajua tunafanyaje. Pale kwenye zebra hapakuwa na mtu. Nilikuwa na uhakika, lakini uhakika wenyewe ulikuwa kichwani mwangu peke yangu, na saa nane mchana nilitakiwa niwe kikaoni Dodoma. Nikatoa.

Kilomita chache mbele niliegesha gari nikalia. Nilikuwa nimekubali kosa nisilolifanya, halafu juu yake nikatenda jingine la kweli kabisa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inawatia hatiani wote wawili, anayepokea na anayetoa.

Kaka yangu anaendesha Fuso, barabara zote hizi anazijua kwa mashimo yake. Nilipomsimulia hakunilaumu. Alisema, "Mdogo wangu, wewe una mambo mawili. Huna shahidi, na una haraka. Shahidi yupo dukani. Haraka utaitibu mwenyewe." Wiki hiyohiyo nikanunua kamera ndogo ya kubandika kwenye kioo cha mbele, hii ambayo wengi wanaiita dashikamu. Nasafiri kati ya Dar na Dodoma karibu mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo imeshaona mengi, na ninayoandika hapa yametoka humo.

Nianze na lile ambalo sikulitarajia. Mara ya kwanza shahidi wangu kutoa ushahidi, alitoa dhidi yangu.

Nilisimamishwa nikaambiwa nimepigwa tochi, kile kifaa cha askari cha kupimia mwendo, 67 kwenye eneo la 50. Nikabisha. Nilibisha kwa sauti, nikasema tochi zenu hizi tunazijua. Askari akanionyesha picha kwenye simu, imetumwa na mwenzake aliyebaki nyuma: gari yangu, namba yangu, mwendo, saa. Nikaandikiwa shilingi 30,000, nikaondoka nikinung'unika. Usiku nikatoa memori kadi nikaiweka kwenye kompyuta nikijua naenda kujitetea. Kibao cha 50 kikaonekana wazi, cheupe chenye duara jekundu, upande wangu wa kushoto. Chini ya picha, pale kamera inapoandika mwendo kwa kusoma setilaiti, 66. Na kando ya barabara watoto wawili wa shule wenye sweta za kijani, mmoja ameshika mkono wa mwenzake, wanasubiri nipite.

Nilirudia kipande kile mara nyingi. Kwa hiyo kabla ya kukushauri ununue kamera, nakushauri ujue kwamba haitakuwa upande wako. Ikiwa unapita Chalinze au Dumila kwa mwendo unaoupenda wewe, itakuandika vilevile, na ikitakiwa kama ushahidi baada ya ajali haitakuficha. Mimi tangu siku ile naendesha tofauti. Kama kamera ingenifanyia hilo tu, ingetosha.

Sasa tuje kwenye kusimamishwa kwenyewe.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: baki kwenye kiti. Sisi huku tuna mazoea ya kushuka. Askari akipunga mkono tu, dereva anafungua mlango, anakwenda nyuma ya gari au chini ya mwembe walipokaa wenzake, huku leseni iko mkononi. Tunaona ndiyo heshima. Lakini kamera inaona mbele ya gari, na kipaza sauti chake kinasikia yaliyosemwa ndani na dirishani. Ukishuka ukaenda nyuma, umemwacha shahidi peke yake anatazama lami. Na mazungumzo ya "tumalizane hapahapa" karibu yote niliyowahi kuyasikia yalianza baada ya "njoo huku dereva". Basi mimi naegesha pembeni pasipo na hatari, nazima injini, nateremsha kioo chote, mikono iko juu ya usukani. Nikiombwa kushuka nauliza kwa upole, "Afande, kuna kitu kwenye gari nikione?" Kama kipo, nashuka. Mara nyingi hakipo.

Salamu itangulie. "Habari za kazi, afande" haikugharimu kitu, na yule mtu amesimama juani tangu asubuhi. Baada ya kujibiwa, nasema mapema kabisa: "Afande, gari hii ina kamera, inarekodi sauti na picha." Nasema kwa sauti ileile niliyosalimia nayo. Sitaki kumtega mtu. Askari mwenye nia njema ana haki ya kujua anarekodiwa, na mwenye nia nyingine naye anapata nafasi ya kuibadili kabla haijawa neno.

Sauti ndiyo kila kitu hapa. Niliwahi kusimamishwa nyuma ya gari moja ambalo kijana wake alishuka na simu, akaisogeza karibu na uso wa askari huku akisema atamrusha mtandaoni. Mimi nilikaguliwa nikaruhusiwa, na nilipoondoka yeye bado alikuwa pale, matairi yanakaguliwa, taa zinakaguliwa, boneti iko juu. Sisemi alistahili. Nasema simu iliyoelekezwa usoni ni ugomvi, na kamera iliyokaa kimya kwenye kioo tangu ulipotoka nyumbani si ugomvi.

Ukiambiwa una kosa, omba kuonyeshwa. Kama ni mwendo, omba picha ya tochi uangalie namba ya gari, mahali na saa. Kama unaona kweli umekosa, sema "niandikie, afande" na usiongeze neno. Hilo neno "niandikie" lina nguvu kuliko hotuba yoyote ya haki za raia. Ukiandikiwa, lipa kwa ile namba ya malipo ya Serikali tu. Usitume fedha kwenye namba ya simu ya mtu, hata kama ameahidi atakulipia. Na ukifika nyumbani ingia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi wa kuangalia madeni kwa namba ya gari, uhakikishe kilichoandikwa ndicho ulichoambiwa. Kama huoni kosa, una haki ya kulikana na suala likaenda mahakamani, na hapo ndipo video inapokuwa na kazi yake halisi.

Lakini kaka yangu alisema mambo mawili, na la pili ndilo gumu. Rushwa ya barabarani inakula haraka ya dereva. Faini ni 30,000, mtu anaombwa elfu tano, tena kwa dakika mbili, na mbele kuna mgonjwa au kikao au boti ya Zanzibar. Kamera haitibu hilo. Mimi nilifanya mambo mawili. Niliacha kutoka Dar saa moja asubuhi, sasa natoka saa kumi alfajiri, ili nikiwekwa nusu saa nisihesabu dakika. Na kila safari natenga 30,000 kwenye simu kabla sijawasha gari. Isipotumika naiacha kwa safari nyingine. Imenibadilisha kuliko nilivyodhani. Nikiambiwa "dada, hii itakugharimu thelathini", sishtuki, kwa sababu ipo tayari. Askari anaona usoni kwamba huyu hana haraka wala hana hofu, na mazungumzo yanakuwa mafupi.

Mwaka mmoja baada ya ile elfu kumi, nilisimamishwa tena kwa kosa lilelile la zebra. Askari mwingine, barabara nyingine. "Mama, hukusimama, mzee alikuwa anavuka." Moyo ulinienda mbio kwa kumbukumbu tu. Nikasema, "Afande, naomba tuangalie pamoja." Akainama dirishani. Kioo cha kamera ni kidogo, ikabidi akinge jua kwa kofia yake. Tukaona gari linapunguza, linasimama, mzee anavuka akisukuma baiskeli yenye mkaa, anafika upande wa pili, ndipo naondoka. Tukaona pia lori lililokuwa limeegeshwa kati ya zebra na pale aliposimama askari. Alikuwa ameona mzee akiingia barabarani na gari yangu ikitokea mbele, ya katikati hakuyaona. Akanirudishia leseni, akasema, "Sawa mama, safari njema."

Nimefikiria sana juu ya lile lori. Huenda hata yule wa kwanza alikuwa na kitu kilichomziba. Huenda hakikuwepo. Sitajua, kwa sababu siku ile nilichagua elfu kumi.

Kuhusu kifaa chenyewe nitasema machache ambayo wauzaji hawakuniambia. Joto la kwetu linaua betri. Yangu ya kwanza ilivimba ndani ya miezi michache kwa kuachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, kwa hiyo tafuta inayotumia kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme kinachostahimili joto, badala ya betri. Fundi umeme wa magari aunganishe waya ili kamera iwake gari linapowashwa, usitegemee kukumbuka. Iwekwe nyuma ya kioo cha ndani cha kutazamia nyuma, isikuzibie barabara. Rekebisha tarehe na saa leo hii. Video nzuri yenye tarehe ya miaka kumi iliyopita ina kazi gani mbele ya hakimu? Na ujue kwamba kadi ikijaa, kamera inafuta vya zamani na kurekodi juu yake. Yangu ya GB 64 inabeba takriban saa 8 za safari, maana yake tukio la Mlandizi linaweza kuwa limefutika kabla sijarudi Dar. Kuna kitufe cha kufunga kipande kisifutwe. Kibonyeze palepale, kisha nakili ukifika.

Sauti nayo ina heshima yake. Waambie unaowabeba kwamba kuna kinachosikiliza. Mimi nazima kipaza sauti safari nzima, nakiwasha nikiona mkono wa askari.

Na video ikishakuwa mkononi, usiikimbize mtandaoni. Hapa najua wengi hatutakubaliana. Kipande cha sekunde ishirini hakionyeshi kilichotangulia, na sura ya mtu ni taarifa yake, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, zote mbili zinaweza kukurudia. Kama umeombwa rushwa, piga 113, ni namba ya TAKUKURU na ni bure. Kama ni lugha mbaya au uonevu, nenda kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa ukiwa na nakala, na ile asili ibaki kwako isiyokatwa.

Asili kubaki kwako nalisisitiza kwa sababu ya jambo lililotokea mbali. Binamu yangu anaishi Houston, na ndiye aliyenisimulia habari za Sandra Bland, mwanamke aliyesimamishwa Texas, Julai 2015, kwa kutotoa ishara alipobadili njia. Siku tatu baadaye alikutwa amekufa mahabusu. Video ya kamera ya gari la askari ilitolewa siku chache baada ya kifo, dunia nzima ikaiona. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amerekodi kwa simu sekunde 39, kutoka pale alipoketi, na hizo hazikuonekana hadharani hadi 2019. Miaka minne watu walitazama tukio kutoka upande wa gari la polisi tu. Binamu yangu anaendesha huku mikono ikiwa juu ya usukani kila asimamishwapo, kwa hofu ambayo mimi, namshukuru Mungu, siijui. Lakini ile tabia ya mikono niliitoa kwake.

Kuna kipande kimoja ambacho sijakifuta na sitakifuta. Upande wa Gairo, mama yangu yuko kiti cha nyuma, askari kanisimamisha. Nikasalimia, nikasema kuna kamera, nikangoja. Hakuuliza leseni. Alizunguka mbele, kwenye video inaonekana kofia yake tu ikishuka na kupotea, kisha sauti yake: "Dada, hili la kulia limekuwa kipara, nyuzi zinaonekana. Ukimbeba mama na hili hufiki Dodoma." Nikamwambia nina haraka ya hospitali. Akakataa. Akamwita fundi kwa simu yake, akakaa nasi mpaka tairi la akiba likafungwa, akakagua na hilo. Hakuandika chochote wala hakuomba chochote.

Nilipofika nilitafuta namba ya ofisi yake nikapiga. Aliyepokea akaniuliza mara mbili kama nalalamika au nashukuru. Nikamwambia nashukuru, akasema nitaje jina la askari taratibu, aliandike.