Ukienda kununua boksi faili angalia chuma, kava achana nalo

Wadau habari zenu. Najua kuna watakaocheka, mtu mzima anakaa anaandika habari za mafaili, lakini ngoja yakukute. Mi yalinikuta 2014, ndo kwanza nina miezi minne kazini, msaidizi wa mhasibu kwenye kampuni moja ya ujenzi hapa Dar, kazi yangu kubwa ni kufaili vocha za malipo. Na vocha ukiiona unasema karatasi tu hiyo, kumbe nyuma imebeba ukoo mzima, ankara ipo, delivari noti ipo, risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi), barua ya kuomba malipo, vyote vimepigwa stepla kwenye kona moja, kwa hiyo ile kona inavimba kuliko sehemu zingine. Hiyo kona iliyovimba usiisahau, tutarudi.

Basi wakaguzi wakaja, bosi akaniambia niwapelekee vocha za Januari mpaka Juni huko juu ghorofa ya pili. Nikalinyanyua boksi faili, lile la kava gumu lenye ringi mbili za chuma ndani na mkono wa kuzifungua, kwa kushika kava la juu, mkono mmoja, mkono mwingine nina simu. Ngazi ya sita au ya saba hivi nikasikia ta! Ringi zimeachia. Jamani, vocha mia moja na kitu zinateremka ngazi kama vile zina safari yake, na pale chini kwenye korido kuna feni. Namba 112 nilikuja kuiokota chini ya jenereta.

Nikawa nimekaa pale sakafuni napanga, akapita mzee mmoja aliyekuwa anatusaidia masjala, alikuwa kashastaafu serikalini. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba, hakucheka wala hakunipa pole, akaliokota lile faili tupu akaliangalia. "Kijana wangu, hili ulilinunua kwa macho." Nikamwambia ndiyo mzee, lilikuwa na kava zuri. Akachukua karatasi moja, akafunga zile ringi, akaipitisha karatasi taratibu kutoka upande wa nyuma kuja mbele. Ilipofika pale ringi zinapokutana, ikagoma. "Umeona? Midomo haikutani." Nikasogeza jicho, kweli, nusu ya juu na nusu ya chini zimepishana kidogo sana, labda unene wa kucha, lakini ndo hapo kila karatasi ilikuwa inakwama, ukilazimisha inachanika tundu, na ukibeba faili vibaya zinaachia zenyewe.

Toka siku hiyo nikienda steshenari wauzaji wananiona kichaa. Naomba karatasi, nafunga ringi, napitisha mara tatu nne. Ikikwama tu narudisha, sijali ni la bei gani. Afu nafunga na kufungua ule mkono wa chuma kama mara kumi hivi, mzuri unaufungua kwa nguvu kidogo na ukifunga unabana kabisa, mbovu unacheza cheza kama jino la mtoto. Nikimaliza nageuza mgongoni nahesabu riveti (vile vichwa bapa vya chuma) zilizoshika ile mashine ya ringi kwenye boksi. Mengine yana mbili tu, na kadibodi yenyewe nyepesi, hapo jua ukishajaza karatasi riveti zitang'oka na kadibodi yake, utabaki na chuma mkononi. Nachukua lenye nne. Rangi ya kava nachagua mwisho kabisa, tena kwa ajili ya kutofautisha miaka tu.

Kuna vitu kwenye boksi faili watu wanatumia miaka bila kujua vina kazi gani. Yale matundu mawili kwenye kava la mbele, yaliyozungushiwa chuma, wengi wanadhani urembo. Si urembo. Ukifunga kava, ringi zinachungulia kwenye yale matundu na kava linajifunga pale, haliwezi kupanuka, kwa hiyo faili linasimama kama kitabu. Siku ile mi ringi zangu zilikuwa hazijaingia kwa sababu faili lilikuwa limejaa kupita kiasi, ndo maana uzito wote ulining'inia kwenye ringi. Lile tundu kubwa la mgongoni ni la kuingiza kidole ulivute kutoka kwenye shelfu bila kung'ang'ania juu ya kava. Na kile kibanio kinachoteleza juu ya karatasi, ambacho watu wanakitoa na kutupa eti kinasumbua, ndo kinazuia karatasi zisilegee faili likisimama. Faili likiwa nusu tupu afu limesimama bila kibanio, karatasi zinainama, zinaning'inia kwenye matundu mchana na usiku, miezi miwili tu matundu yamekuwa marefu kama tundu la kifungo.

Hivi vitu si vya juzi. Mjerumani mmoja wa Bonn, Friedrich Soennecken, ndo alisajili mashine ya kupanchi, yaani kutoboa karatasi, mwaka 1886, pamoja na faili la kushikia hizo karatasi, na miaka kumi baadaye, 1896, Louis Leitz wa Stuttgart akaja na hili la mkono wa kubonyeza ambalo sisi tunaliita boksi faili mpaka leo. Mi ninachowapendea hawa jamaa ni kwamba walielewa shida yenyewe. Shida haikuwa kushika karatasi, uzi tu unashika karatasi. Shida ni kuchomeka karatasi moja katikati bila kugusa zingine.

Na hapo ndo nachokana na yale mafaili mepesi yenye vile vibati viwili vya kukunja. Ni ya bei poa, sawa, na kama kazi imekwisha, haiongezeki kitu, yanatosha kabisa. Lakini vocha namba 47 ikichelewa kuja kwa sababu sapulaya hajaleta risiti, utatoa namba 48 mpaka 200 zote, uichomeke, urudishe zote, na vibati vyenyewe ukivikunja mara nane tisa vinakatika. Boksi faili unafungua ringi, unagawa, unachomeka, unafunga. Sekunde kumi.

Sasa tuje kwenye panchi maana hata faili liwe zuri vipi, matundu yakikaa vibaya umekwisha. Kipimo chetu huku ni matundu mawili, katikati ya moja mpaka katikati ya lingine milimita 80, na kutoka ukingo wa karatasi mpaka katikati ya tundu ni milimita 12. Tundu lenyewe lina upana wa milimita 6, maana yake kati ya tundu na ukingo kunabaki milimita 9 za karatasi, hizo 9 ndo zinabeba kila kitu. Mtu mwenye haraka hasukumi karatasi mpaka mwisho, anabakiza milimita 4 au 5, karatasi inachanika wiki hiyo hiyo. Fanya hesabu upande wa pili pia: 12 jumlisha 3, tundu linaishia milimita 15 kutoka ukingoni, kwa hiyo ukichapa barua yenye majini (ile nafasi tupu ya pembeni) ya sentimita moja na nusu kushoto, panchi italamba herufi. Wekeni sentimita mbili na nusu, sijui kwa nini watu wanabana majini kama karatasi ni dhahabu.

Panchi nyingi zina kile kijiti cha kuvuta pembeni kilichoandikwa A4, A5 na kadhalika, kivute mpaka A4 kisikike kimeingia, hapo karatasi zote zitapanchiwa sehemu moja. Kama kimeshapotea (kwa ofisi zetu kimeshapotea), kunja karatasi katikati kidogo tu pale ukingoni, weka alama, ilingane na mshale wa katikati ya panchi. Na usipanchi karatasi thelathini kwa mkupuo kwenye panchi ya karatasi kumi, za chini zinasogea, matundu yanapishana, afu mwisho wa siku unalaumu faili.

Ile kona ya stepla niliyosema usiisahau: ukifaili vocha zote kona moja zimevimba, faili linakuwa nene juu na jembamba chini, ringi ya juu inajaa wakati ya chini bado. Mzee alinifundisha kung'oa stepla kabla ya kufaili, kila karatasi ikae kwenye ringi kwa tundu lake. Kazi inaongezeka, sikatai, lakini faili linalala sawa. Na akanifundisha kuandika namba kila karatasi kona ya juu kulia, wao serikalini wanaita folio, ili ikitoka karatasi moja ujue hapo hapo ni ipi. Siku ile ningekuwa na folio ningemaliza kupanga ndani ya lisaa limoja tu. Nilimaliza saa mbili usiku, wakaguzi wameshaondoka zamani.

Usijaze mpaka mwisho. Karatasi ya gramu 80 ina unene kama milimita 0.1, rimu moja ya karatasi 500 ni sentimita 5 hivi, na boksi faili lenye mgongo wa sentimita 8 linaingia rimu na kidogo tu, maana mashine nayo inakula nafasi. Lakini ukishajaza hivyo huwezi tena kugeuza kurasa, haziwezi kupanda ringi kwenda upande wa pili. Mi nikifika rimu moja nafungua faili jipya, basi. Bosi wa kipindi kile alikuwa analalamika gharama, eti vijana mnapenda kununua nunua. Sawa bosi.

Kwa wanafunzi na nyie wa semina na semina, mnaopenda mabinda ya ringi yale mazuri: kuna ya ringi duara na kuna ya ringi yenye upande mmoja ulionyooka kama herufi D. Chukua la D. Duara likifungwa karatasi zinajipinda kwenye mviringo, kingo hazilingani kamwe. La D karatasi zinakaa zimenyooka, na linaingiza zaidi hata kama ukubwa wa ringi ni ule ule. Angalia pia ringi zimepigiliwa wapi, zikiwa kwenye kava la nyuma ni bora kuliko zikiwa mgongoni, ukifungua karatasi hazikunjwi.

Lakini kabla hujanunua hesabu ringi. Binamu yangu yuko Marekani aliniletea binda moja kali sana, lina zipu, lina mifuko ya kalamu, ringi tatu. Nikafurahi mpaka nilipotaka kulitumia. Wenzetu kule wanatumia matundu matatu yaliyoachana milimita 108, panchi yangu ya 80 haiingiliani nalo hata kwa dua. Nikajaribu kupanchi tundu moja moja kwa kuibia, kila karatasi ikawa na matundu yake binafsi. Afu karatasi zao ni fupi, urefu milimita 279, A4 yetu 297, kwa hiyo karatasi inatokeza karibu sentimita mbili, zipu haifungi bila kukunja.

Nilijiokoa na vile vimfuko vya plastiki vyenye matundu mengi pembeni, vingi vina 11, unatafuta yanayoangukia kwenye ringi. Vyeti pia viweke humo, tafadhali, cheti cha form four mtu anakipanchi naye anaita kufaili! Ila vimfuko hivyo ni vipana kuliko A4, vinafunika zile divaida za kawaida (kadi za kutenganisha mafungu) usione maandishi, kwa hiyo divaida kata mwenyewe kwenye manila, zitokeze kidogo. Na risiti za EFD usiziweke kwenye plastiki laini zile zinazonuka, wino wake unapauka mpaka inabaki karatasi nyeupe, nazo rekodi za kodi unatakiwa uzitunze miaka 5. Toa kopi kwanza, kopi ndo uipanchi, risiti ibandikwe nyuma yake kwa pini.

Kwa mliopo Tanga, Zanzibar, Mombasa na kwingine karibu na bahari, chuma kinaota kutu haraka na kutu inahamia kwenye karatasi pale kwenye tundu, ndo inapoanza kuoza. Mi kila mwezi wa kwanza napitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani kwenye ule mkono, nafuta mpaka pakauke kabisa ndo narudisha karatasi. Na faili la chini kabisa kwenye shelfu lisiguse sakafu, mchwa hawajui folio.

Lile binda la zipu sasa hivi analo mwanangu wa darasa la pili, anawekea picha anazochora. Karatasi zote zimekunjwa juu sentimita mbili.