Daktari asipokuuliza, mwambie mwenyewe

Mwaka 2015 nilikaa kwenye gari dakika ishirini nje ya kliniki moja hapa Atlanta najizoeza sentensi moja tu, kwamba nalala na wanaume na wanawake, nimesikia kuna kidonge cha kuzuia virusi vya ukimwi, nakitaka. Kidonge hicho kinaitwa prep, kilishapitishwa Marekani tangu 2012 ila mimi ndo kwanza nakisikia, tena kwa mshikaji wangu mzungu ambaye daktari wake alimwandikia bila yeye kuomba. Basi nikaingia. Daktari akauliza umeoa, nikasema bado, akaandika, akauliza sigara, pombe, nani ana presha kwenu, alafu akanyanyuka kunipa mkono. Ile sentensi nikarudi nayo kwenye gari. Miaka miwili baadae nikapima nikakutwa na maambukizi.

Naandika hivi manake bado nakutana na vijana wetu wa Kibongo, Wakenya, Wakongo wa kule Clarkston jirani na Atlanta, wanaamini sisi weusi tunaupata sana kwa sababu ya tabia. Hilo limechunguzwa zaidi ya mara moja. Wanaume weusi gei wa hapa hawana wapenzi wengi kuliko wazungu na kondomu hawaziachi kuliko wao. Lakini 2016 CDC, ile taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walipiga hesabu kwamba mambo yakibaki vile, kwa wanaume weusi wanaopenda wanaume mmoja kati ya kila wawili ataambukizwa kabla hajafa, na kwa wazungu ni mmoja kati ya 11. Ukiangalia pengo linatoka wapi unakuta ni bima, ni nani kapimwa mapema, nani kaandikiwa prep, nani kabaki kwenye dawa mpaka virusi vikashuka, na kwa vile wengi wetu tunapendana sisi kwa sisi, basi kwenye kamduara kadogo kenye watu wengi ambao hawajui hali zao au dawa zimewakatikia, unaweza ukawa na mpenzi mmoja na ukaupata. Mimi nilikuwa na mmoja. Na usijiambie wewe ni Mwafrika hayo ni ya Wamarekani weusi, maana mnaishi mtaa mmoja, mnatibiwa kliniki zilezile na mnapendana humohumo.

Kwahiyo mdogo wangu, usisubiri swali. Sema mwanzo kabisa hata kabla hujakaa vizuri, "nalala na wanaume, nataka kupima na nataka prep." Ukiona anasita muulize ni nani hapo anaiandika, akikosekana nenda kliniki ya afya ya kaunti, wenyewe wamezoea na hawakushangai. Watapima damu kuona huna virusi, watacheki na figo, na ukiwa kwenye vidonge utarudi kila baada ya miezi mitatu. Kama kidonge cha kila siku kinakushinda au unakaa na ndugu wanaopekua begi, uliza sindano, kuna ya kila miezi miwili, na tangu Juni 2025 kuna ya mara mbili kwa mwaka. Bima nyingi zinatakiwa kulipia prep na vipimo vyake bila wewe kutoa hata senti, ila kuna namba maalumu za huduma kliniki wanazojaza wakati wa kudai malipo, wakikosea bili inakuja kwako. Ikija usiifiche kwenye droo, piga simu waambie warekebishe. Najua vijana wawili waliacha prep kwa ajili ya bili ambayo haikuwa ya kwao.

Kuna hili la mkalimani, naona halisemwi kabisa. Kama Kiingereza chako hakijakaa sawa, hospitali inatakiwa ikupe mkalimani bure, lakini omba wa kwenye simu aliye jimbo lingine na usikubali binamu yako akutafsirie. Waswahili hapa tunajuana wote, anayekutafsiria Jumanne Jumapili mnakaa benchi moja kanisani. Mtu anaogopa hilo kuliko ugonjwa wenyewe.

Kwa wale ambao tayari tunaishi nao, mimi nilianguka mara moja, sitaki uanguke hapohapo. Niliacha kazi ya maboksi, bima ikaisha mwezi uleule, na jimbo letu la Georgia halijapanua Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, kwahiyo kijana asiye na mtoto anabaki hivihivi. Nikakaa wiki tano bila dawa, kichupa kitupu kiko juu ya friji nakiangalia kila asubuhi, naona aibu kupiga simu. Siku nilipopiga, dada aliyepokea hakunigombeza, aliuliza tu, "Kaka, umeishiwa lini?" Kumbe toka 1990 kuna mfuko wa serikali unaitwa Ryan White kwa ajili ya watu kama mimi wasio na bima, dawa zikarudi wiki ileile. Leo virusi vyangu havionekani kwenye kipimo na simuambukizi mpenzi wangu. Utafiti wa Ulaya ulifuatilia jozi 782 za wapenzi wa kiume, mmoja anao na dawa zimevishusha, mwenzie hana, wanafanya bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzie.

Wanaoogopa uhamiaji, lile zuio la wenye virusi kuingia Marekani liliondolewa Januari 2010, kwahiyo usikimbie kupima kwa ajili ya hilo.

Na kama unasoma hii usiku huu kwa sababu kuna kitu kimetokea jana au juzi, kondomu ilipasuka au haikuwepo, una masaa 72 toka wakati ule ya kuanza dawa ya kuzuia virusi visikushike, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya hiyo dawa. Inaitwa pep, ni vidonge vya siku 28. Usisubiri Jumatatu kliniki ifunguliwe, nenda emajensi sasa hivi, wakikuuliza umekuja kwa nini waambie hivohivo ilivyokuwa.